Maji ya Nani?

Mkristo anayehama kanisa moja kwenda jingine, awe Dar es Salaam, Nairobi au Goma, mara nyingi hukutana na maswali mlangoni: ulibatizwa na nani, katika kanisa gani, kwa maji mengi au kwa maji ya kichwani? Jibu lisiporidhisha, huambiwa ashuke majini upya. Maswali hayo huulizwa kana kwamba yamezaliwa jana, pamoja na mikutano ya injili ya viwanjani. Lakini yana umri mkubwa, na mzozo wake mkali kuliko yote ulitokea Afrika, katika nchi ambazo leo ni Tunisia na Algeria. Wakristo wa huko waliligombania jambo hili kwa zaidi ya miaka 150, kwa kalamu, kwa sinodi, kwa marungu na kwa amri za makaisari. Nausimulia mzozo huo kwa sababu naamini ulizaa jibu. Ubatizo ni tendo la Kristo mwenyewe, na mhudumu ni mkono tu. Anayeurudia ubatizo uliokwisha kutolewa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, anamvua Kristo tendo lake na kumvika binadamu.

Kitabu kizima cha kwanza juu ya ubatizo ambacho kimetufikia kiliandikwa Karthago, karibu mwaka 200, na Tertullian. Alimlenga mwanamke mmoja wa dhehebu la Wakaini ambaye alikuwa akifundisha kwamba maji ni kitu duni mno, hayawezi kumfikisha mtu kwa Mungu. Tertullian alijibu kwamba huo uduni ndio unaomfaa Mungu: tangu mwanzo Roho alitua juu ya maji, na Wakristo ni samaki wadogo wanaozaliwa majini kwa kumfuata yule Samaki wao. Kutoka kwake tunajua mambo yalivyokwenda Karthago. Wanaojiandaa walifunga, walisali na kukesha. Wakati uliopendelewa ulikuwa Pasaka na siku zake hadi Pentekoste. Mtu alimkana shetani, akazamishwa mara tatu, akapakwa mafuta, akawekewa mikono, akaonjeshwa maziwa na asali kama mtoto mchanga aliyefika nchi ya ahadi. Baada ya hapo alikaa wiki nzima bila kwenda kuoga, katika mji wa Kirumi ambako kuoga kulikuwa desturi ya kila siku. Hakutaka maji mengine yafuate upesi juu ya yale.

Kuhusu kiasi cha maji sitakawia, maana ushahidi wa kale ni mwepesi kuusoma. Didake, mwongozo mfupi wa Wakristo wa kizazi cha kwanza au cha pili baada ya mitume, ulipotea kwa karne nyingi hadi nakala yake ilipoonekana Konstantinopoli mwaka 1873. Unaagiza maji yatiririkayo. Yasipopatikana, maji mengine yoyote; ya baridi yasipofaa, ya moto; na kama yote hayo hakuna, mtu amiminiwe maji kichwani mara tatu. Kuzamisha kulikuwa kanuni, wala hakuna haja ya kulificha hilo kwa ajili ya kuyatetea makanisa yanayomimina. Lakini kanuni hiyo haikuwahi kuwa kifungo. Nusu karne baada ya Tertullian, Askofu Cyprian wa Karthago aliulizwa kuhusu wagonjwa waliobatizwa vitandani kwa kumiminiwa maji: je, ni Wakristo kamili? Akajibu kwamba neema ya Mungu haipimwi kwa wingi wa maji, na kwamba aliyepokea kitandani hakupokea pungufu. Jibu hilo zuri lilitoka kwa mtu yuleyule ambaye katika jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, alikosea.

Cyprian alikuwa msomi wa ufasaha aliyebatizwa ukubwani, akawa askofu karibu mwaka 248. Muda mfupi baadaye Kaisari Decius aliamuru kila mkazi wa dola atoe sadaka kwa miungu mbele ya tume, na apewe hati ya kuthibitisha. Hati kama hizo zaidi ya 40 zimechimbuliwa katika mchanga wa Misri, zikiwa na majina, umri na hata makovu ya wenye kuzichukua. Karthago Wakristo wengi walikwenda kutoa sadaka, wengine wakihimizana njiani. Wengine walihonga wapate hati bila kutoa kitu. Wachache waliteswa na kufa. Cyprian mwenyewe alijificha na kuliongoza kanisa lake kwa barua. Tufani ilipopita, swali likawa nini cha kufanya na wale walioanguka. Cyprian na sinodi yake waliamua wapokewe baada ya toba. Roma, padri Novatian alikataa katakata, akajitenga mwaka 251, akaanzisha kanisa lake la watu safi na kuwabatiza upya waliomfuata kutoka kanisa kuu. Baada ya muda baadhi ya waliobatizwa na watu wa Novatian walianza kugonga mlango wa kanisa kuu. Hawakuwa na imani tofauti. Waliikiri imani ileile na kutumia maneno yaleyale juu ya maji. Tofauti ilikuwa kwamba walibatizwa nje.

Hoja ya Cyprian ilikuwa na mantiki ya chuma. Kanisa ni moja, na Roho yumo ndani yake tu. Asiye na Roho hawezi kumpa mwenzake Roho, kama vile chombo kitupu hakiwezi kujaza kingine. Basi maji ya nje ni maji tu: yanalowesha, hayaoshi. Wanaotoka huko hawabatizwi mara ya pili, alisema, bali wanabatizwa kwa mara ya kwanza. Maaskofu 31 walikubaliana naye mwaka 255, 71 mwaka uliofuata, na tarehe 1 Septemba 256 maaskofu 87 kutoka majimbo ya Afrika walikusanyika Karthago, kila mmoja akatoa kauli yake. Kumbukumbu za kikao hicho zimesalia, kauli moja baada ya nyingine, wote upande mmoja. Roma, Papa Stefano alisema kinyume: desturi tuliyopokea ni kumwekea mikono anayerudi, kama mtu wa toba, wala kusizushwe jipya. Stefano hakueleza vizuri kwa nini, na ukali wake uliwachukiza hata watu wa mbali kama Firmilian, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia. Kwa hoja zilizoandikwa, Cyprian alimshinda. Hata hivyo Stefano alikuwa ameshika kitu ambacho mwenzake mwenye kipaji kikubwa hakukiona.

Kosa la hoja ya Cyprian liko katika neno moja: kumpa. Aliudhania ubatizo kuwa mali iliyomo mkononi mwa mhudumu, ambayo asiye nayo hawezi kuitoa. Lakini Paulo alipoandika kwa Wakorintho waliojigawa makundi, huyu wa Paulo na yule wa Apolo, aliwauliza kama walibatizwa kwa jina la Paulo, akamshukuru Mungu kwamba wachache tu miongoni mwao walipita mikononi mwake. Swali lake halina maana ila kama jina la mbatizaji si kitu. Na kwa Warumi alieleza kwamba anayebatizwa anazikwa pamoja na Kristo na kufufuka pamoja naye, na kaburi hilo halikuchimbwa na mchungaji yeyote. Inanipasa kusema, kwa heshima ya Cyprian, kwamba alikuwa bora kuliko hoja yake. Akifungua kikao cha mwaka 256 alitangaza kwamba hatamtenga askofu yeyote anayefikiri tofauti. Stefano alifariki mwaka 257, na tarehe 14 Septemba 258 Cyprian alikatwa kichwa nje ya mji wake, akiwa katika ushirika na Roma. Waliokuja kulitumia jina lake baadaye waliichukua hoja na kuiacha ile subira.

Walikuja nusu karne baadaye. Mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe. Baadhi ya maaskofu walitoa vitabu. Wengine walikufa kuliko kuvitoa, na Kilatini cha Afrika kikapata tusi jipya, traditor, yaani mkabidhi, lenye mzizi mmoja na usaliti wa Yuda. Cecilian alipowekwa kuwa askofu wa Karthago, karibu mwaka 311, ilidaiwa kwamba mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptunga, alikuwa mkabidhi. Chuki ya binafsi ilichochea moto: Lucilla, mama tajiri, hakumsamehe Cecilian kwa kuwahi kumkemea kwa tabia yake ya kubusu mfupa wa shahidi kabla ya kupokea komunyo. Maaskofu wapatao 70 wa Numidia walimkataa, wakamweka mwingine, na baada yake akafuata Donatus, ambaye kundi zima likachukua jina lake. Uchunguzi wa serikali ulimwondolea Felix lawama, kwa kuwa barua iliyomshitaki ilionekana imeghushiwa. Lakini farakano lilikwisha kuota mizizi. Mwaka 314 sinodi ya Arles, huko Galia, iliwataka Waafrika waache desturi yao: anayetoka kwa wazushi aulizwe imani aliyobatiziwa, na kama alibatizwa kwa Utatu, awekewe mikono tu.

Wadonatisti hawakukubali, na tusiwafanye wajinga. Walikuwa kanisa la watu waliokumbuka mashahidi wao kwa majina, na waliona aibu kupokea mambo matakatifu kutoka mkono uliopeleka Injili motoni. Kinachomsafisha apokeaye, walisema, ni dhamiri ya anayetoa kwa utakatifu. Apokeaye kwa asiye mwaminifu hapokei imani bali hatia. Nani hajawahi kuhisi hivyo kusikia habari za mchungaji aliyeiba sadaka au padri aliyemwonea mtoto? Moyo unakataa kwamba mkono ule ulishika kitu cha Mungu. Lakini tazama hoja hiyo inaelekea wapi. Askofu Optatus wa Milevi aliandika kwamba katika ubatizo mna mambo matatu, Utatu, aaminiye na ahudumuye, na kwamba mawili ya kwanza ndiyo ya lazima, kwa maana wahudumu hubadilika kila siku na Utatu haubadiliki. Optatus huyohuyo ameandika kwamba Kaisari Julian alipowaruhusu Wadonatisti kurudi kutoka uhamishoni, mwaka 362, waliosha kuta za makanisa kwa maji ya chumvi na kukwangua madhabahu, kana kwamba uchafu wa wapinzani wao ulikuwa umeingia kwenye mawe. Ukishaanza kutafuta mikono safi, huna pa kusimama.

Tukio la Mappalia, karibu na Hippo, linaonyesha hilo kuliko hoja yoyote. Muda mfupi baada ya mwaka 400, Crispinus, askofu wa Wadonatisti wa Calama, alijipatia shamba huko, na wakulima waliokuwa juu ya ardhi hiyo, watu wapatao 80, wakabatizwa upya mara moja. Tunalijua jambo hili kwa barua ya Augustino, askofu wa Wakatoliki na mpinzani wake, kwa hiyo tuisome kwa tahadhari; lakini kinachonigusa ni pendekezo lililomo. Augustino anamwambia Crispinus waende wote wawili mbele ya wakulima wale, maneno yao yatafsiriwe kwa Kipuniki, lugha ya watu wa shamba, halafu watu wachague wenyewe. Hapo ndipo hoja ya mikono safi ilipofikia: mwenye shamba alikuwa amekuwa mwenye maji.

Kisha Wadonatisti walijihukumu wenyewe. Mwaka 393 kundi lao liligawanyika, shemasi Maximian akasimama dhidi ya Primian, askofu wao wa Karthago. Mwaka 394 maaskofu 310 walikutana Bagai, wakamlaani Maximian na wenzake kwa maneno makali ajabu. Lakini baadaye baadhi ya waliolaaniwa, wakiwemo Felicianus wa Musti na Praetextatus wa Assuras, walirudi, wakapokewa pamoja na vyeo vyao. Watu ambao walikuwa wamewabatiza wakiwa nje nao walipokewa, na hakuna aliyebatizwa upya. Augustino hakuchoka kulirudia jambo hili, na sidhani kama lilipata jibu. Kama maji ya Felicianus akiwa nje ya kundi la Donatus yalikuwa ubatizo wa kweli, basi maji ya nje yanaweza kuwa ya kweli, na jengo zima la miaka 80 lilikuwa limesimama juu ya mchanga. Mapatano yao wenyewe yalikuwa na hekima kuliko mafundisho yao.

Augustino, askofu wa Hippo tangu karibu mwaka 395, ndiye aliyesema kwa nini Stefano alikuwa sahihi. Alifafanua kwamba Petro akibatiza, anayebatiza ni Kristo. Na hata Yuda akibatiza, ni Kristo. Neema inapita kwa mhudumu mbaya kama maji yanavyopita katika mfereji wa jiwe kwenda bustanini: jiwe halioti kitu, bustani inaota. Na ubatizo ni kama alama aliyopigwa askari wa Roma mwilini. Akitoroka jeshini alama haimsaidii, inamshitaki. Lakini akirudi hapigwi nyingine, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa ya Kaisari, si ya ofisa aliyempiga. Kwa mfano huo aliweza kukubali nusu ya ukweli wa Cyprian: aliye nje ya umoja ana ubatizo, lakini haumfai mpaka arudi kwenye upendo. Uhalali ni wa Kristo. Matunda yanategemea moyo. Nadhani hapo ndipo mzozo ulipopata ufumbuzi wake. Kanisa Katoliki lilipoamua mwaka 2020 kwamba ubatizo haufai ikiwa mhudumu anasema "sisi tunakubatiza" badala ya "mimi", wengi waliona ni ushikiliaji wa herufi. Lakini sababu iliyotolewa ni ileile ya Hippo: katika lile "mimi" anayesema ni Kristo, si jumuiya iliyosimama kuzunguka beseni.

Wapo watakaoleta Matendo ya Mitume sura ya 19, ambapo Paulo aliwakuta wanafunzi Efeso, nao wakabatizwa ingawa walikwisha kubatizwa. Lakini wale walikuwa na ubatizo wa Yohana, wa toba, na hawakuwa hata na habari za Roho Mtakatifu. Walichopokea kwa jina la Bwana Yesu kilikuwa cha kwanza cha aina yake. Mfano huo unaonyesha kwamba jina ndilo linaloufanya ubatizo, na kwa hiyo unasimama upande wa Stefano. Hoja nzito kuliko hiyo ni ya wale wanaosema: hatubatizi upya, kwa sababu aliyenyunyiziwa utotoni hakuwahi kubatizwa, hakuamini. Ndivyo walivyosema Conrad Grebel na wenzake Zürich mwezi Januari 1525, na Felix Manz, mmoja wao, alilipa kwa uhai wake, akizamishwa katika mto Limmat tarehe 5 Januari 1527 kwa hukumu ya mji wa Kikristo. Ni aibu isiyofutika. Wala hoja yao si ngeni Afrika: Tertullian alishauri watoto wadogo wasubiri, ilhali karibu mwaka 253 Cyprian na maaskofu 66 waliamua mtoto asingoje hata siku ya nane. Wakristo wa kweli wamekuwa pande zote mbili. Ninachouliza ni hiki: tukiisha kumwondolea mhudumu mzigo wa kuuhalalisha ubatizo, je, tumtwike mtoto au kijana anayebatizwa? Imani ipi inatosha? Aliyebatizwa akiwa na miaka 20, akaja kugundua akiwa na 40 kwamba siku ile alifuata marafiki, naye ashuke tena? Simoni mchawi wa Samaria alibatizwa na moyo wake ukiwa umepotoka. Petro alimwambia atubu. Hakumwambia abatizwe upya. Imani ni lazima, tena kwa maisha yote, lakini ni mkono unaopokea, si chemchemi. Anayetaka kungoja hadi mtoto akue, angoje. Ila asiyahesabu kuwa si kitu maji ambayo Jina lilitajwa juu yake.

Lipo doa ambalo haki inanitaka nilitaje. Mfano wa alama ya askari una makali mawili. Kama Mdonatisti amekwisha kupigwa alama ya Kristo, basi ni mtoro, na mtoro hukamatwa. Wadonatisti walikuwa na magenge yenye marungu waliyoyaita Israeli, na mapadri wa upande wa pili walijeruhiwa na wengine kuuawa. Hilo ni kweli. Lakini mwaka 405 Kaisari Honorius alitoa amri ya umoja, na Augustino, ambaye zamani alipinga kuwalazimisha watu, aliitetea. Mwezi Juni 411 maaskofu wa pande zote mbili, zaidi ya 270 kila upande, walikutana katika bafu za Gargilius huko Karthago mbele ya Marcellinus, mjumbe wa kaisari. Wadonatisti walikataa kuketi. Marcellinus aliamua dhidi yao, na mwaka 412 zikaja faini kwa kila tabaka la watu na makanisa yao yakatwaliwa. Hoja iliyothibitisha kwamba ubatizo si mali ya mwenye shamba iligeuzwa kuwa sababu ya kuufanya mali ya kaisari. Augustino wa Mappalia, aliyetaka wakulima wasikie kwa lugha yao na wachague, alikuwa sahihi kuliko Augustino wa mwaka 411. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake.

Hata katika salamu pande hizo mbili zilitofautiana. Wadonatisti walisema Deo laudes, sifa kwa Mungu, na kuwacheka Wakatoliki waliosema Deo gratias, shukrani kwa Mungu. Watu wa Karthago walifanya salamu hiyo ya Wakatoliki kuwa jina. Augustino alimwandikia shemasi mmoja wa mji huo, Deogratias, kitabu kizima cha namna ya kuwafundisha wanaoanza safari ya kwenda majini. Na katika jumba la makumbusho la Bardo, jijini Tunis, kipo kisima cha ubatizo cha karne ya 6 kilichotolewa karibu na Kelibia, kimefunikwa chote kwa vijiwe vya rangi: njiwa, safina, samaki, nyuki. Ukingoni yameandikwa majina ya waliokigharamia, Aquinius na mkewe Juliana pamoja na watoto wao wawili, Villa na Deogratias.